Kijidudu Kinachoshika Utumbo: Kwa Nini Watoto wa Nguruwe Hufa kwa Kuhara

Wasomaji wengi wa gazeti hili ni wakulima na wafugaji, na wengine ni makarani wenye mifugo michache iliyo mikononi mwa ndugu zao. Mimi ni mmoja wa hao wa pili. Nakaa mtaa wa Olympic, huku Kibera, na kila asubuhi nashika njia kwenda ofisini. Nguruwe wangu wako Kawangware kwa shangazi yangu, maana mahali ninapokaa hapana hata nafasi ya kuanika nguo. Leo nataka kuwaeleza habari ya hasara niliyoipata, na mambo niliyojifunza kwa ajili ya hasara ile. Mtu akijikwaa, yafaa awaonye wanaokuja nyuma yake.

Najua kwamba wako majirani zetu, hasa wazee wa Kinubi ambao baba zao walikaa Kibera kabla yetu, ambao dini yao imewakataza mnyama huyu. Sina neno la kuwaudhi. Walakini adui nitakayemtaja ana ndugu zake wanaowaua ndama na wana-kondoo, na wengine wanaowaua watoto wa binadamu. Kwa hiyo habari hii ni ya kila mwenye mtoto au mfugo mchanga nyumbani mwake.

HASARA ILIVYOTOKEA

Ilikuwa mwezi wa Julai, wakati ule ambapo Nairobi huwa na mawingu mchana kutwa na baridi kali usiku. Nilikuwa nimenunua nguruwe jike mwenye mimba kutoka kwa mfugaji mmoja wa upande wa Kikuyu, akaletwa Kawangware juma moja tu kabla ya kuzaa. Banda lake lilikuwa la saruji, nalo lilioshwa kwa maji mengi siku ile ile aliyozaa, ili liwe safi. Alizaa watoto kumi na mmoja, wote wazima. Nilipopata habari kwa simu nilifurahi mno, nikaanza kuhesabu moyoni karo ya shule ya mwaka ujao.

Usiku ule wa kwanza niliogopa mama asije akawalalia watoto akawaua, kama itokeavyo mara nyingi kwa nguruwe wazito. Nikamwambia shangazi awatenge katika boksi mpaka asubuhi. Akanijibu, "Mwanangu, watoto hawa hawajanyonya sawasawa." Nami kwa kiburi cha mtu aliyesoma nikamwambia kwamba maziwa hayakimbii, watanyonya kesho.

Siku ya pili jioni walianza kuhara maji yenye rangi ya manjano. Mikia yao ililowa, wakatetemeka, wakarundikana pembeni mwa banda, na macho yao yakadidimia. Shangazi akawanywesha unga wa dawa uliosalia alipokuwa akitibu kuku. Haukufaa kitu. Siku ya tatu asubuhi watano walikuwa wamekufa, na kabla ya jua kutua wakafa watatu wengine. Walisalia watatu tu.

Daktari wa wanyama alipokuja, alimpasua mmoja wa wale waliokufa ili tuone wenyewe. Nilidhani tutakuta tumbo tupu, kwa kuwa mtoto alikuwa amekonda kwa siku moja kama aliyekaa na njaa juma zima. Lakini tumbo lilikuwa na maziwa yaliyoganda, na matumbo membamba yamejaa maji tele. Hapakuwa na damu wala kidonda ukutani mwa utumbo. Daktari akasema, "Waona, bwana, hapana mahali palipotoboka. Kijidudu kimeshika tu, kisha kikatoa sumu, na maji ya mwili yakamwagika yenyewe."

Neno lile "kimeshika tu" halikunitoka. Nikaanza kuuliza na kusoma, nami nikaona kwamba katika neno hilo ndimo mlimo siri yote ya ugonjwa huu.

KIJIDUDU CHENYEWE

Adui huyu ni bakteria aitwaye Escherichia coli, na wataalamu humwita kwa kifupi E. coli. Jina hilo latokana na daktari Theodor Escherich, aliyemweleza mwaka 1885 baada ya kumwona katika choo cha watoto wachanga huko Ujerumani. Haonekani kwa macho ila kwa hadubini. Tena si kila E. coli aliye mbaya. Mimi, wewe msomaji, ng'ombe wako na kuku wako, sote tunao matumboni mwetu, na wengi wao hawatudhuru hata kidogo. Aletaye kuhara huku ametofautiana na wenzake kwa mambo mawili: ana kitu cha kushikia, na ana sumu.

Tufikiri kwanza jambo la kushika. Utumbo ni kama mto usiosimama. Kila wakati hujikunja na kujinyoosha, ukisukuma chakula na maji kwenda chini mpaka vitoke. Kijidudu kinachoelea katikati huchukuliwa pamoja na vitu hivyo, hutoka na mavi, na habari yake ikaisha. Ni kama mtu aliyetumbukia Mto Ngong wakati wa masika: asiyepata mzizi wa kushika huchukuliwa na maji, bali aliyepata mzizi hubaki.

Bakteria huyu anao mkono wa kushikia mzizi. Mwili wake umezungukwa na nyuzi nyembamba mno, nyingi kama nywele za brashi. Nazo seli za ukuta wa utumbo zina vishikio vidogo juu yake, vingi vikiwa vimefanywa kwa sukari za namna mbalimbali. Uzi wa bakteria ukikutana na kishikio kinachoupatana, hunasa kama ufunguo uingiavyo katika kitasa chake. Ufunguo usiopatana haufungui, na bakteria hupita.

Nyuzi hizi ni za namna nyingi, na wataalamu wamezipa herufi na namba kama magari. Zilizo mashuhuri katika nguruwe ni F4, F5, F6, F18 na F41. Ile ya F5 ndiyo pia huwashika ndama na wana-kondoo. F4 zamani iliitwa K88, nayo ilielezwa mwaka 1961 na Ida Ørskov na mumewe Frits wa Copenhagen, pamoja na wenzao wa Uingereza.

Kwa miaka kadhaa baada ya hapo haikujulikana nyuzi hizi zina kazi gani. Mwaka 1971 Williams Smith na Linggood wa Uingereza walichukua bakteria wenye kuleta ugonjwa, wakawaondolea uwezo wa kuota nyuzi za K88 na kuwaachia sumu yao. Bakteria wale hawakuweza tena kuwaharisha watoto wa nguruwe kama kwanza. Waliporudishiwa uwezo ule, ugonjwa ukarudi. Mwaka uliofuata Jones na Rutter walitazama matumbo yenyewe, wakakuta wenye nyuzi wamejipanga ukutani, na wasio nazo wanaelea katikati. Kumbe sumu peke yake haitoshi, sharti kwanza adui apate mahali pa kukaa.

Mwaka 1975 likaonekana jambo jingine la ajabu. Wako nguruwe ambao matumbo yao hayana kishikio cha K88 tangu kuzaliwa, na hali hiyo hurithiwa kutoka kwa wazazi. Bakteria hao wakimwingia mtoto wa namna hiyo, hukosa pa kushika wakapita. Ndiyo sababu kuhara kunaweza kuua karibu wote wa mama mmoja, na wa jirani wasiugue.

SUMU NA KUMWAGIKA KWA MAJI

Bakteria akiisha kushika, huzaa kwa kujigawa mara mbili. Akipata joto na chakula cha kutosha, aweza kugawanyika kila dakika 20. Msomaji apendaye hesabu na achukue kalamu: mmoja akigawanyika hivyo kwa saa 7 bila kuzuiwa, watakuwa zaidi ya 2,000,000. Ndipo ukuta wa utumbo hufunikwa nao kama sakafu iliyotandikwa mkeka.

Hapo hutoa sumu yao karibu kabisa na seli. Katika hali ya uzima, seli za utumbo hunyonya maji na chumvi na kuvitia mwilini. Sumu hugeuza kazi hiyo, seli zikaanza kuimwaga chumvi ndani ya utumbo, na maji huifuata chumvi. Moja ya sumu hizi hufanana sana na ile ya kipindupindu. Kwa hiyo mtoto hafi kwa kuliwa na kijidudu. Hufa kwa kukaukiwa na maji na chumvi, hali tumbo lake lina maziwa. Mtoto wa nguruwe huzaliwa akiwa na uzito wa kilo moja au kilo na nusu hivi, na mwili mdogo namna hiyo hauna akiba.

KWA NINI WACHANGA NDIO HUUMIA

Sababu ya kwanza ni ya maumbile. Mtoto wa binadamu hupata kingamwili za mama yake tangu akiwa tumboni, lakini nguruwe hazipati, kwa kuwa kondo la nyuma la mama yake haliziruhusu kupita. Huzaliwa kama askari asiye na silaha. Silaha zake zimo katika maziwa ya kwanza, yaani dang'a. Nao utumbo wake huweza kupitisha kingamwili hizo kuingia damuni kwa muda wa siku moja hivi tu, au moja na nusu, tena uwezo huo hupungua kila saa ipitayo. Baada ya hapo mlango umefungwa. Mimi niliyesema kwamba maziwa hayakimbii nilikuwa nimeupoteza usiku ule ambao haurudi.

Hata baada ya dang'a, maziwa ya kila siku yana kingamwili za namna nyingine, ambazo hukaa ndani ya utumbo na kuzifunika nyuzi za bakteria zisipate kushika. Ndiyo maana maradhi haya huja tena mara nyingi siku chache baada ya watoto kuachishwa ziwa: kifuniko kimeondolewa ghafula. Wakati huo F18 hupata nafasi yake pia, kwa sababu vishikio vyake havipo kwa mtoto mchanga bali hutokea akikua. Kinyume chake, vishikio vya F5 hupungua jinsi siku zinavyozidi.

Sababu ya pili: mama huweza kutoa silaha za kupigana na wale adui anaowajua tu. Mama yule niliyemleta juma moja kabla ya kuzaa alikuwa anawajua bakteria wa banda la kule alikotoka, na wale wa banda la shangazi hakuwajua bado. Laiti ningalimleta mwezi mzima kabla, mwili wake ungalipata nafasi ya kujifunza.

Sababu ya tatu ni baridi. Mtoto wa nguruwe huzaliwa bila manyoya ya kutosha na bila mafuta chini ya ngozi. Katika siku za kwanza ataka joto la digrii 32 mpaka 34 mahali anapolala, na usiku wa Julai Nairobi hushuka hata digrii 12 na chini yake. Akipata baridi, hana nguvu ya kunyonya, na mwendo wa utumbo wake hupungua. Mto ukipunguza mbio, yule aliyetumbukia hupata nafasi ya kushika. Tena wataalamu waligundua kwamba bakteria wa K88 akikuzwa kwa joto la digrii 18 haoti nyuzi zake, bali huziota akikuzwa kwa joto la mwili. Basi katika tope la banda hulala mikono imekunjwa, na akiisha kumezwa huikunjua.

MAMBO YA KUFANYA

Haya ndiyo niliyoyashika tangu siku ile, nami nawapa wenzangu.

1. Mama aletwe kwenye banda atakalozalia angalau majuma manne kabla ya siku zake. Mimba ya nguruwe ni siku 114 hivi, yaani miezi mitatu, majuma matatu na siku tatu, kwa hiyo si vigumu kuhesabu.

2. Iko chanjo apewayo mama, si mtoto. Mwaka 1973 Rutter na Jones walionyesha kwamba mama akichanjwa kwa zile nyuzi za K88, watoto wanaonyonya maziwa yake hukingwa. Chanjo za namna hii hutumiwa sasa katika nchi nyingi, nazo hutolewa majuma kadhaa kabla ya kuzaa. Muulize daktari wa wanyama wa upande wako.

3. Banda lioshwe mapema na likauke kabisa kabla ya mama kuingia. Saruji yenye maji ni baridi, tena ni makao ya vijidudu. Chuchu za mama zisafishwe kwa maji ya vuguvugu, na mavi yaondolewe kila siku.

4. Kila mtoto anyonye katika saa ya kwanza, na tena na tena katika siku ile ya kwanza. Walio dhaifu washikwe kwa mkono na kuwekwa chuchuni. Ukiogopa mama asiwalalie, weka ubao au vyuma pembeni vya kumzuia, wala usiwatenge na maziwa.

5. Wafanyie kona yao yenye joto: boksi lenye nyasi kavu au takataka za mbao, na taa au chupa za maji ya moto zilizofungwa vitambaa. Wakilala wametawanyika, wameridhika. Wakirundikana mmoja juu ya mwenzake, wana baridi.

6. Wakiharisha, uwape maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo mara nyingi, waendelee kunyonya, na mwite daktari siku hiyo hiyo. Sumu haiharibu ile njia ambayo utumbo hunyonyea chumvi na sukari pamoja, na maji hufuata.

Mwite daktari pia kwa sababu si kila kuhara kwatoka kwa adui huyu. Kukianza mtoto akiwa na juma moja au mawili, mara nyingi ni maradhi mengine yanayotaka dawa nyingine. Na ikiwa wakubwa kwa wadogo wanakufa kwa homa kali, toa habari mara moja kwa maofisa wa mifugo, kwa kuwa yaweza kuwa homa ya nguruwe ya Afrika, ile iliyoelezwa mwaka 1921 na Montgomery aliyefanya kazi hapa Kenya. Hiyo haina dawa.

HATARI YA DAWA OVYO

Sasa nasema juu ya ule unga wa dawa ya kuku. Wengi wetu hukimbilia dukani, tukanunua dawa za kuua bakteria bila kujua kipimo wala adui. Dawa hizo zikitumiwa ovyo, bakteria dhaifu hufa na wale sugu hubaki na kuzaa. Tena hupeana usugu wao kwa wao, kama wanafunzi wanaopeana majibu ya mtihani. Mwaka 2015 huko China ulipatikana katika nguruwe usugu dhidi ya colistin, dawa ambayo madaktari huiweka akiba kwa wagonjwa mahututi hospitalini.

Jambo hili si la mbali. Mwaka 2022 ilitangazwa kazi ya wataalamu waliozunguka nyumba 99 hapa Nairobi, wakachunguza E. coli 1,338 waliotolewa kwa watu, mifugo na wanyama wa mwituni wanaokaa karibu na nyumba. Walikuta kwamba watu na mifugo huweza kuambukizana bakteria hao, na hasa wakaao nyumba moja. Basi unachokifanya bandani waweza kukikuta mezani.

WATOTO WETU PIA

Nilisema kwamba adui huyu ana ndugu. Wapo E. coli wa namna ile ile wanaowashika wanadamu, lakini nyuzi zao ni nyingine, kwa kuwa vishikio vyetu ni vingine. Katika uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi saba za Afrika na Asia, Kenya ikiwemo kwa upande wa Siaya, na kutangazwa mwaka 2013, E. coli mwenye sumu alikuwa mmoja wa vijidudu vinne vinavyoleta sehemu kubwa ya kuhara kukali kwa watoto wadogo. Nasi tukaao Kibera na Kawangware, ambapo maji machafu hupita mlangoni, twajua maana yake bila kuambiwa.

Mtoto akihara, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa bapa, humwokoa wakati mnapomtafutia daktari. Mama na aendelee kumnyonyesha, na mikono ioshwe kwa sabuni. Nguruwe wafungwe bandani wasizurure jalalani na mifereji ya maji machafu, kwa faida yao na kwa heshima ya majirani.

Namalizia. Yule mama alizaa tena Januari iliyofuata, watoto kumi. Banda lilikuwa kavu, kona ya joto ilikuwa tayari, na shangazi alikaa nao usiku kucha akiwashika mmoja mmoja na kuwaweka chuchuni. Sikumpigia simu kumfundisha kazi. Mmoja alikufa kwa kulaliwa, na tisa wakakua mpaka wakauzwa. Karo imelipwa.

Tumezoea kungoja ugonjwa uonekane ndipo tutafute dawa. Adui huyu hangoji. Akiisha kushika, saa zetu ni chache, na kazi yetu iliyo bora ni ile ya kabla hajashika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Shime, wafugaji, tuzibe ufa huu mapema.